Diski Iliyorekodiwa Nyumbani Inapokataa Kucheza: Kufuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Ujumbe wa kwamba diski haisomeki hutokea kwenye skrini kwa maneno yale yale hata kama sababu zake ni nyingi na hazifanani, na ndiyo maana watu wengi hutupa diski nzima au, vibaya zaidi, hukubali pale rekoda inapowauliza kama wangependa kuifomati. Mwongozo huu unahusu rekoda za DVD za nyumbani, zenye diski kuu ndani yake na zisizo nayo, pamoja na deki na kompyuta ambamo diski hizo huchezwa baadaye. Nimeshughulikia diski za ndugu na majirani kwa miaka mingi, na imani yangu ni kwamba diski mbovu kweli ni chache kuliko diski zilizowekwa kwenye mashine isiyoelewa namna zilivyoandikwa. Kazi ya kutafuta hitilafu, basi, ni kulinganisha vitu vitatu: aina ya diski, hali iliyotumika kurekodia, na uwezo wa mashine inayosoma.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya majaribio yoyote. Ikiwa diski ina kumbukumbu usiyotaka kuipoteza, jibu la kila swali linalohusu kufomati, kuandaa au kufuta ni hapana, kisha diski itolewe. Diski za kuandikwa upya zikifomatiwa hupoteza kilichomo, na hata ile ya kuandikwa mara moja, ambayo haifutiki, inaweza kuharibika ikiwa rekoda ngeni itajaribu kuongeza kitu juu ya mpangilio isiouelewa.

Baada ya hapo fanya majaribio mawili. Rudisha diski inayosumbua kwenye rekoda ile ile iliyoirekodi, kisha weka kwenye mashine inayokataa diski nyingine ya aina hiyo hiyo unayojua kuwa ni nzima. Ikiwa diski yako inacheza kwa rekoda yake na hiyo nyingine inacheza kwa mashine inayokataa, diski ina uwezekano mkubwa wa kuwa haijafungwa (hatua ya kukamilisha rekodi, inayoelezwa hapa chini) au imerekodiwa katika hali isiyofahamika huko. Ikiwa mashine inazikataa diski zote za aina hiyo lakini inazikubali filamu za dukani, tatizo liko kwenye uwezo wa mashine. Ikiwa inazikataa zote, hata za dukani, acha kuishughulikia diski na uiangalie lenzi. Na ikiwa hata rekoda iliyoirekodi haiisomi tena, ndipo unapoanza kushuku uchafu, mkwaruzo, uchakavu wa diski au uchovu wa leza.

Ijue diski iliyo mkononi

Diski zote hizi zina kipenyo cha sentimita 12 na zote hung'aa upande mmoja, lakini hazifanani kabisa kwa namna zinavyofanya kazi. DVD-R na DVD+R huandikwa mara moja tu, kwa leza kuchoma tabaka la rangi ya kikaboni. DVD-RW na DVD+RW zina tabaka la metali ambalo leza hulibadilisha hali na kulirudisha, hivyo zinaweza kuandikwa upya mara 1,000 hivi. DVD-RAM nayo huandikwa upya, mara nyingi zaidi, na ilibuniwa kufanya kazi kama diski kuu ya kompyuta kuliko kama kanda ya video. Alama ya kutoa na alama ya kujumlisha si mapambo: ni familia mbili zilizotoka kwa makundi mawili ya watengenezaji, na kila moja ina njia yake ya kuionyesha leza ilipo kwenye mkondo. Rekoda iliyotengenezwa kwa familia moja haitaandika diski ya familia nyingine hata ungeisafisha mara kumi.

Kama maandishi ya juu yamefutika, igeuze diski na uitazame kwenye mwanga wa pembeni. Diski za kuandikwa mara moja huwa na rangi ya zambarau au ya buluu iliyopauka, na zile za RW huwa za kijivu kilichokolea. DVD-RAM haiwezi kuchanganywa na nyingine, kwa kuwa uso wake umejaa vistari vifupi vifupi kama matofali yaliyopangwa, navyo ni mipaka ya sehemu za kuandikia iliyochongwa kiwandani. Katika diski ya kuandikwa mara moja utaona pia duara linaloanza karibu na tundu la katikati likiwa na rangi tofauti kidogo na sehemu iliyobaki. Hilo ndilo eneo lililoandikwa. Jicho linakuambia hapo jambo ambalo mashine inaweza kulikana.

Inacheza kwenye rekoda iliyoirekodi, inagoma kwingine kote

Hii ndiyo dalili inayojitokeza zaidi ya zote, na chanzo chake cha kwanza ni diski kutofungwa. Wakati wa kurekodi, rekoda huweka orodha ya vipindi na mahali vilipo katika eneo la muda, yaani lisilo la kudumu, ambalo yenyewe inalielewa. Kufunga diski, hatua ambayo kwenye menyu za Kiingereza huandikwa „Finalize”, ni kuiandika orodha hiyo katika mpangilio rasmi wa DVD-Video, kuweka eneo la mwanzo na la mwisho, na kutengeneza menyu ambayo deki yoyote inaweza kuifungua. Kabla ya hapo, deki ya kawaida huingiza diski, hutafuta eneo la mwanzo, hulikosa, na kutangaza kwamba hakuna diski au kwamba diski ni tupu.

Shangazi yangu aliwahi kunikabidhi diski ya DVD-R yenye harusi ya binti yake, akaniambia, „Mwanangu, hii wameniambia haina kitu.” Kompyuta nayo ilisema hivyo hivyo: nafasi iliyotumika ni sifuri. Nilipoiinamisha dirishani, duara la zambarau iliyokolea lilionekana wazi kuanzia katikati hadi kupita nusu ya upana wa diski. Tuliirudisha kwenye rekoda yake, tukaingia kwenye menyu ya usimamizi wa diski, tukachagua kuifunga na kusubiri bila kugusa kitufe chochote. Ilipomaliza, ilicheza kwenye deki yake ndogo ya chumbani na kwenye kompyuta ile ile iliyoikana.

Kufunga huchukua kuanzia dakika chache, na diski za matabaka mawili huhitaji muda mrefu zaidi. Usishangae pia diski yenye kipindi kifupi ikichukua muda mrefu kuliko iliyojaa. Mpangilio wa DVD-Video unadai eneo lililoandikwa lifike umbali fulani kutoka katikati ili deki ziweze kuifuata, hivyo rekoda inalazimika kujaza nafasi iliyobaki hadi hapo. Umeme ukikatika wakati huo, au mtu akichomoa waya kwa kudhani kwamba mashine imekwama, diski inaweza kubaki nusu imefungwa, na hali hiyo ni ngumu kuitatua kuliko ya diski isiyofungwa kabisa. Kumbuka vilevile kwamba DVD-R au DVD+R ikishafungwa haipokei tena kipindi kingine, ilhali DVD-RW iliyofungwa katika hali ya video inaweza kufunguliwa tena kwenye rekoda nyingi.

Fungia diski kwenye rekoda iliyoirekodi. Rekoda ya kampuni nyingine inaweza kuonyesha kitufe hicho hicho, lakini eneo la muda alilolitengeneza mwenzake si lazima iwe inalielewa, na matokeo ya kulifunga isivyo sahihi huwa ya kudumu.

Chanzo cha pili ni hali ya kurekodia. Rekoda nyingi zinazotumia familia ya kutoa hukuuliza, unapoweka diski mpya ya DVD-RW, kama unataka hali ya Video au hali ya VR, na wengi huchagua bila kufikiri. Hali ya Video huandika folda iitwayo VIDEO_TS, ile ile iliyomo kwenye filamu za dukani. Hali ya VR huandika folda ya DVD_RTAV, ambamo vipindi vyote hukusanywa katika faili kubwa lenye mkia wa VRO, na orodha yake huhifadhiwa pembeni. VR ina faida kubwa kwa mtu anayehariri: unaweza kukata matangazo, kugawa kipindi na kuyarudisha maeneo yaliyofutwa yatumike tena. Hasara yake ni kwamba deki isiyotengenezwa kuisoma VR haitaisoma kamwe, hata diski ikifungwa mara ngapi. Angalia kwenye sura ya deki au kwenye kijitabu chake kama imetajwa kusoma VR au kama ina nembo ya „RW Compatible”. DVD-RAM hutumia hali hiyo hiyo ya VR na haihitaji kufungwa, lakini inachezeka tu kwenye mashine zilizotangaza kuipokea, ambazo ni chache.

Dawa ya diski ya VR ni kuinakili upya. Ikiwa rekoda ina diski kuu, hamisha vipindi kwenye diski kuu, kisha uviandike kwenye DVD-R mpya katika hali ya Video na kuifunga. Kama haina, faili la VRO likinakiliwa kwenye kompyuta huwa ni video ya MPEG-2 ya kawaida, na vichezeshi kama VLC kwa kawaida hulifungua moja kwa moja.

Hilo halifanyi kazi kwa diski zenye ulinzi wa CPRM, na hapa ndipo penye chanzo cha tatu. CPRM ni mfumo wa kufunga kwa ufunguo vipindi ambavyo mtangazaji ameruhusu vinakiliwe mara moja tu. Kwa Japani, kwa mfano, matangazo ya kidijitali yalianza kuwekewa sharti hilo mwezi Aprili 2004, na Julai 2008 likalegezwa ili kipindi kilicho kwenye diski kuu kiweze kunakiliwa mara 9 na kuhamishwa mara ya 10. Kipindi cha namna hiyo hurekodiwa kwa hali ya VR pekee, juu ya diski iliyotengenezwa kwa ajili ya CPRM. Diski nyingi za aina hiyo utaziona zina mistari membamba kama ya msimbo pau karibu na tundu la katikati, ambamo kitambulisho chake kimechongwa. Deki inayosoma VR lakini isiyojua CPRM itaonyesha orodha ya vipindi vizuri kabisa, kisha igome unapobonyeza kucheza. Mtu akiona hivyo hudhani kuna mkwaruzo. Hakuna, kinachohitajika ni mashine inayotambua CPRM, na kompyuta ya kawaida haitaweza kukitoa kipindi hicho.

Imefungwa, iko katika hali ya Video, lakini deki moja tu inaikataa

Hapa swali ni la mwanga. Leza ya deki huimulika diski na kupima mwanga unaorudi. Filamu ya dukani ya tabaka moja hurudisha kati ya asilimia 45 na 85 ya mwanga huo, na DVD-R iliyoandikwa vizuri huingia ndani ya kiwango hicho. Diski za RW hurudisha kati ya asilimia 18 na 30 tu, kiwango ambacho ni sawa na cha filamu ya matabaka mawili. Deki za mwanzo, zilizotoka kabla diski za kuandikwa upya hazijaenea, zilipoona mwanga hafifu kiasi hicho zilidhani zimepewa diski ya matabaka mawili, zikatafuta tabaka la pili lisilokuwepo, zikakata tamaa. Deki iliyozeeka, ambayo leza yake imepungua nguvu, hufikia hali hiyo hiyo kwa njia nyingine: filamu za dukani zinacheza, DVD-R zinasitasita, na za RW hazisomeki kabisa. Ukiuona mfuatano huo, usiendelee kununua diski za majina tofauti, kwa sababu kinachokwisha ni leza.

Kwa diski unayotaka kumpa mtu mwingine, DVD-R ya tabaka moja ndiyo ninayoichagua kila mara. DVD+R ina faida moja ambayo DVD-R haina: sehemu ya mwanzo inayotaja aina ya diski inaweza kuandikwa kana kwamba diski hiyo ni DVD-ROM, yaani diski ya kiwandani ya kusomwa tu, na rekoda na draivu kadhaa hufanya hivyo zenyewe, jambo linalozifanya deki zenye ukaidi ziikubali. Diski za matabaka mawili, zenye ujazo wa gigabaiti 8.5 badala ya 4.7, huongeza hatari bila sababu ikiwa kipindi kinaweza kugawanywa kwenye diski mbili.

Rekoda inakataa diski mpya kabisa

Soma kasi iliyoandikwa kwenye kasha. Kurekodi moja kwa moja kutoka kwenye televisheni hakuhitaji zaidi ya 1x, ambayo ni takriban megabiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo namba 16x haikuongezei chochote. Kinachosumbua ni kwamba baadhi ya diski za kasi kubwa zilikuja na kanuni mpya za kuandikia. DVD-RW za 6x, DVD+RW za 8x na DVD-RAM za 12x haziandikiki kwenye rekoda zilizotengenezwa kabla yake, ingawa jina la aina ni lile lile na mnunuzi hana sababu ya kushuku. Rekoda ya zamani hutaka diski za kasi ya chini, na kijitabu chake hutaja kikomo. Wakati mwingine mtengenezaji alitoa toleo jipya la programu ya ndani ya mashine ili kuongeza orodha ya diski inazozitambua. Kama bado linapatikana kwa modeli yako, liweke kwa kufuata maelekezo yake hatua kwa hatua.

Rekoda za kwanza za DVD-RW zina mkasa wa namna hiyo hiyo upande wa pili. Diski za toleo la 1.0 zilipokea hali ya VR tu, na uwezo wa kuandikwa kwa hali ya Video ulikuja na toleo la 1.1. Ukikuta akiba ya diski za miaka hiyo na rekoda haikupi nafasi ya kuchagua hali ya Video, namba ya toleo kwenye kasha ndiyo yenye jibu.

Diski ya Blu-ray haitaingiliana na rekoda ya DVD kwa vyovyote. Leza ya DVD ina urefu wa wimbi wa nanomita 650 na husoma tabaka lililo katikati ya unene wa diski, milimita 0.6 kutoka usoni, ilhali ya Blu-ray ina nanomita 405 na tabaka lake liko milimita 0.1 tu chini ya uso.

Ipo pia hali ambapo diski inasingiziwa. Rekoda inapokataa kunakili kutoka kwenye kanda ya VHS ya filamu au kutoka kwenye chaneli fulani, na ujumbe wake ukataja ulinzi wa nakala, jaribu kurekodi kipindi cha kawaida kwenye diski ile ile. Kikirekodiwa, diski yako haina kosa.

Kurekodi kunaanza kisha kunakatika

Kabla ya kuandika, rekoda hupima nguvu ya leza katika ukanda mwembamba ulio karibu na katikati ya diski, ili ijue ichome kwa kiasi gani. Alama ya kidole iliyo hapo hapo, ambapo ndipo watu hushika, inatosha kuharibu kipimo hicho. Mashine huandika kwa nguvu isiyofaa na dakika chache baadaye hushindwa kukiangalia ilichokiandika. Shika diski kwa ukingo na tundu. Diski ikichafuka, ifute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo, ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha. Sababu yake ni kwamba mfumo wa kusahihisha makosa humudu mkwaruzo mfupi unaokatiza mikondo mingi, lakini hushindwa na mkwaruzo mrefu unaoufuata mkondo mmoja. Petroli, tina na dawa za kusafishia santuri zisiguse kabisa plastiki hiyo.

Kama diski kadhaa mpya za kasha moja zinakatika, jaribu za mtengenezaji mwingine kabla ya kuilaumu rekoda. Tabaka la rangi hutofautiana kati ya viwanda, na rekoda huwa na kumbukumbu ya namna ya kuzichoma zile inazozitambua. Kama hata diski zilizokuwa zikikubali mwaka jana sasa zinakatika, leza imechoka au lenzi ina vumbi. Rekoda hugundulika kuchoka kwenye kuandika kabla ya kusoma, kwa kuwa kuandika kunahitaji nguvu nyingi zaidi, na mashine inayocheza vizuri lakini hairekodi inaeleweka kwa maelezo hayo. Diski za kusafishia lenzi zenye vibrashi zinaweza kusaidia, ila angalia kwanza kama kijitabu kinaziruhusu.

Diski ya RW inayokatika peke yake, baada ya kutumika kwa miaka, ifomatiwe upya mara moja ikiwa haina kitu cha thamani. Ikirudia, iondoe kwenye matumizi. Na rekoda iliyotoka mahali penye baridi kuingia mahali penye joto iachwe saa moja au mbili ikauke ndani kabla ya kuwekewa diski yoyote.

Picha inaganda, hasa kuelekea mwisho wa kipindi

DVD huandikwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa kipindi kirefu uko ukingoni, mahali ambapo diski iliyopinda huyumba zaidi na ambapo rangi haikusambaa sawasawa wakati wa kutengenezwa. Weka diski juu ya kioo cha meza uone kama inakaa bila kunyanyuka. Kama kuna karatasi ya gundi iliyobandikwa juu, hiyo ndiyo ninayoishuku kwanza: karatasi isiyokaa katikati sawasawa huifanya diski izunguke bila mizani, na gundi inapokauka huivuta na kuipinda. Usiibandue ukiwa na haraka, kwani unaweza kuachanisha sahani mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja kuunda diski. Jaribu kwanza kuisoma kwenye draivu ya kompyuta kwa kasi ya chini na kuinakili ingali na karatasi yake. Kwa diski zijazo, andika kwa kalamu ya wino laini isiyo na ncha kali, na usirekodi hadi dakika ya mwisho ya ujazo wake.

Diski ya kuandikwa mara moja iliyoachwa juani nayo huganda hivi, kwa sababu mwanga hubadilisha rangi ile ile ambayo leza iliichoma. Kilichopotea namna hiyo hakirudishwi kwa kung'arisha uso, kwa kuwa uso hauna kosa.

Picha ipo lakini haina rangi, au inapanda na kushuka

Hili ni suala la PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za televisheni, wala halihusu aina ya diski. PAL ina mistari 576 na fremu 25 kwa sekunde. NTSC ina mistari 480 na karibu fremu 30. Rekoda huandika mfumo mmoja, na katika hali ya Video haichanganyi miwili kwenye diski moja. Deki nyingi za PAL zinacheza diski za NTSC, lakini nyingi za NTSC hazichezi za PAL. Picha nyeusi na nyeupe humaanisha kwamba deki imeisoma diski sawasawa na televisheni ndiyo isiyoelewa rangi; tafuta kwenye menyu ya deki mahali pa kuchagua mfumo wa televisheni. Msimbo wa kanda za dunia, ule wa namba 1 hadi 6 unaowekwa kwenye filamu, hauhusiki: diski zilizorekodiwa nyumbani hazina msimbo huo.

Diski iliyotoka kwenye kompyuta

Faili la MP4 lililoburutwa na kuandikwa kwenye DVD hubaki kuwa faili la data, na rekoda inayotarajia VIDEO_TS haitaliona. Tumia programu inayotengeneza DVD-Video, na uhakikishe kwamba jumla ya picha na sauti haizidi megabiti 10.08 kwa sekunde, kwa kuwa deki hukwama kwenye diski zinazokaribia kikomo hicho kabla ya kukwama kwenye nyingine. Diski ya kamera iliyoandikwa kwa AVCHD inafanana na DVD kwa sura, lakini ndani yake kuna video ya H.264 ambayo deki ya DVD haina uwezo wa kuifungua.

Rekoda imekufa kabla diski haijafungwa

Tafuta kwanza rekoda ya kampuni ile ile, na ikiwezekana ya modeli ile ile au iliyo karibu nayo. Weka diski na uone kama orodha ya vipindi inatokea yenyewe. Ikitokea pamoja na picha zake ndogo, mashine hiyo inalielewa eneo la muda, na ndipo unapoweza kuifunga kwa amani. Isipotokea, au ikikuuliza kama ufomati, itoe.

Njia ya pili ni kompyuta. Mfumo wa uendeshaji utasema diski ni tupu kwa kuwa unatafuta orodha ambayo haikuandikwa, lakini draivu yenyewe mara nyingi inaweza kulifikia eneo lililochomwa. Programu za kuokoa data kama IsoBuster husoma diski ambazo hazijafungwa, hupita kwenye mkondo wote na kutoa vipande vya video bila kutegemea orodha. Draivu hutofautiana sana katika jambo hili: moja hukataa hata kuitambua diski, nyingine huisoma yote, kwa hiyo jaribu mbili au tatu kabla ya kukata tamaa, ukianza na zile zinazoandika na siyo kusoma tu. Majina ya vipindi na tarehe huenda yasirudi, na kipindi kimoja kinaweza kutoka kikiwa vipande kadhaa visivyo na mpangilio. Hifadhi vipande vyote kama vilivyotoka, hata vile vinavyoonekana kuwa vifupi mno, kisha vicheze mwanzo, katikati na mwisho diski ikiwa bado ndani ya draivu, kabla ya kuanza kuviunganisha.